Mashine ya Theluji ya Zamani Haivuti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sehemu za Mwendo Zilizochakaa

Maswali haya yanahusu mashine za kurushia theluji ambazo mtu hutembea nyuma yake: zile zenye injini ya petroli, magurudumu mawili yanayovuta, parafujo ya kukusanya theluji mbele, na feni ya kuirusha iliyo nyuma ya parafujo. Yamekusudiwa kwa mwenye mashine ya miaka mingi ambayo injini yake bado ni nzima lakini mwendo umekufa au umelegea. Mashine hizo zilijengwa kwa chuma kizito. Sehemu zinazochakaa ni chache na nyingi zinafikika kwa spana za kawaida. Inaniuma kuona mashine ya namna hiyo ikipelekwa kwenye chuma chakavu kwa sababu ya duara moja la raba.

Nitajuaje kama tatizo ni la mwendo au ni la matairi tu?

Tazama magurudumu wakati mashine imekwama. Kama yanazunguka huku yakiteleza juu ya theluji, mfumo wa mwendo unafanya kazi yake, usiufungue. Angalia matairi yaliyoisha meno au yasiyo na upepo wa kutosha. Angalia pia viatu vya kutelezea vilivyo pembeni mwa kisanduku cha mbele: vikiwa vimelika, bamba la kukwangulia hugusa ardhi moja kwa moja na mashine inajizuia yenyewe. Tairi moja likiwa na upepo pungufu, mashine huvuta upande mmoja na wengi hudhani ni gia.

Kama magurudumu yamesimama kabisa huku injini ikinguruma, endelea kusoma.

Nguvu ya injini inafikaje kwenye magurudumu?

Kwenye mashine nyingi za zamani njia ni hii. Shafti ya injini ina puli zaidi ya moja. Mkanda mmoja unakwenda mbele kuzungusha feni na parafujo, mwingine unazungusha sahani ya metali, aghalabu alumini, iliyo ndani ya mwili wa mashine. Mbele ya uso wa sahani hiyo kuna diski yenye raba ukingoni, iliyosimama kwa pembe mraba na sahani, ikikaa juu ya shafti yenye pembe sita. Ukibana wenzo wa mwendo, diski na sahani hugandamizana, raba inashika, na shafti ya pembe sita inazunguka. Kutoka hapo nguvu hupitia gia au mnyororo hadi kwenye ekseli, na ekseli hufungwa na magurudumu kwa pini.

Wenzo wa gia hauna gia yoyote ya kubadilisha. Unachofanya ni kuitelezesha diski kushoto na kulia juu ya shafti yake. Diski ikiwa karibu na kitovu cha sahani, mwendo ni wa polepole; ikisogea ukingoni, mwendo ni wa kasi; ikivuka kitovu kwenda upande wa pili, mashine inarudi nyuma. Ukishaielewa picha hiyo, karibu kila dalili iliyo hapa chini utaweza kuieleza mwenyewe.

Mashine yangu haina diski ya raba. Je, haya yananihusu?

Kwa sehemu. Zipo zinazotumia giaboksi iliyofungwa, na zipo zinazoendeshwa kwa pampu na mota inayozungushwa na msukumo wa oili. Maelezo ya mikanda, kebo, pini, ekseli na parafujo yanakuhusu, ya diski hayakuhusu. Zile ndogo zisizo na magurudumu yanayovuta, ambazo parafujo ya raba ndiyo inayogusa ardhi na kuivuta mashine, ukiona hazisongi angalia kwanza mapezi ya raba. Yakiisha hayafiki chini.

Nifanye nini kabla sijagusa chochote?

Zima injini, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi na uufunge mbali na plagi. Subiri kila kitu kisimame na injini ipoe. Mwaga petroli yote iliyo kwenye tangi kabla ya kuilaza mashine, kwa sababu utaisimamisha kwa pua, kisanduku cha parafujo kikiwa chini na mpini juu. Ukishamaliza, usiiache hivyo siku nzima, oili itapenya isipotakiwa.

Mkono usiingie kamwe kwenye parafujo wala kwenye bomba la kurushia, hata injini ikiwa imezimwa. Theluji iliyokwama huweza kuushikilia mkanda ukiwa umevutika, na ukiitoa, feni inaruka kwa nguvu iliyobaki. Tumia kijiti. Hili silipunguzi uzito kwa namna yoyote: vidole vinapotea hivyo, na vinapotea kwa watu wenye uzoefu.

Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika moja ya kujaribu. Moshi wake una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na inaua.

Injini inanguruma, nabana wenzo, magurudumu hayasogei hata kidogo. Nianzie wapi?

Tafuta mahali mwendo unapopotea, kabla ya kununua kipuri chochote. Watu wengi hununua mkanda, halafu diski, halafu kebo, kwa kubahatisha, na mwisho wanakuta ni pini ndogo iliyokatika kwenye ekseli. Chombo cha kazi hii ni chaki na tochi.

Mashine ikiwa imesimama kwa pua na plagi imechomolewa, fungua bamba la chini. Utaona sahani, diski, shafti ya pembe sita, mnyororo au gia, na ekseli. Chora mstari wa chaki unaovuka kila maungio: kutoka habu (kitovu) ya gurudumu hadi ekseli, kutoka gia hadi shafti yake, kutoka raba ya diski hadi kiini chake cha chuma, na mstari mmoja kwenye sahani. Weka gia ya kati ya kwenda mbele, bana wenzo wa mwendo na uufunge kwa kamba ubaki umebanwa. Sasa zungusha gurudumu kwa mkono, vidole vikiwa mbali na mnyororo na gia, huku ukiangalia ndani kwa tochi.

Ukizungusha gurudumu na ekseli haifuati, pini ya gurudumu imekatika au haipo. Ekseli ikizunguka lakini gia iliyo juu yake imesimama, kabari au pini ya gia hiyo imekwisha. Shafti ya pembe sita na diski zikizunguka huku sahani imetulia, raba inateleza au haigandamizwi vya kutosha. Sahani ikizunguka lakini puli ya injini haisogei, mkanda ndio unaoteleza. Na kama kila kitu kinashikana hadi unahisi mgandamizo wa injini ukikuzuia, njia yote ni nzima pale ulipojaribu, kwa hiyo tatizo hutokea kwenye mzigo mkubwa tu. Rudia kwa gia nyingine, kwa sababu sahani huweza kuwa nzima sehemu moja na kulika nyingine.

Mistari ya chaki itakuonyesha pia utelezi mdogo ambao jicho halikuuona. Mstari wa raba ukiachana na mstari wa kiini chake, raba imebanduka na inazunguka peke yake. Hilo huwachanganya wengi, kwa kuwa diski inaonekana nzuri kabisa.

Inatembea vizuri sakafuni, lakini ikikutana na theluji nzito inasimama. Ni raba au ni mkanda?

Jaribu gia zote kwenye theluji yenye uzito uleule, kisha linganisha. Nguvu ambayo raba inaweza kuipeleka kwenye shafti yake haitegemei iko wapi juu ya sahani, kwa hiyo raba iliyochoka huteleza karibu sawasawa kwenye gia ya chini na ya juu. Mkanda ni tofauti. Kadiri diski inavyokaa mbali na kitovu, ndivyo sahani inavyohitaji nguvu kubwa zaidi ya mkanda kwa mvuto uleule. Kwa hiyo mashine inayovuta kwa uthabiti kwenye gia ya kwanza na kukata tamaa kwenye ya juu, mshuku mkanda au springi inayoukaza. Hii ni dalili ya kukuelekeza, uhakika utaupata ukifungua.

Harufu husaidia pia. Zote mbili hutoa harufu ya mpira kuungua, lakini mkanda unaoteleza mara nyingi hupiga kelele na kujaza unga mweusi ndani ya kifuniko chake, ilhali unga wa diski huanguka ndani ya mwili wa mashine, kwenye bamba la chini ulilolifungua.

Raba ya diski ikifika wapi inakuwa imekwisha?

Iangalie kwa ukingo. Raba nzima inatokeza wazi juu ya chuma kinachoishika. Ikibaki milimita moja au mbili tu, ibadilishe. Usingoje hadi chuma kiguse sahani, kwa sababu chuma huchimba mifereji kwenye alumini, na mifereji hiyo itaitafuna raba mpya utakayoweka.

Zaidi ya unene, soma umbo lake. Sehemu moja ikiwa bapa au imebonyea, mashine iliwahi kukwama huku wenzo umebanwa, sahani ikasaga mahali pamoja. Uso ukiwa unang'aa kama kioo, raba imeungua na kuwa ngumu. Ukingo ukiwa umelika kwa mshazari, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, kosa si la raba hata kidogo: beringi za shafti ya pembe sita zimelegea na diski inakaa kombo. Nyufa ndogo zinavumilika kwa muda. Vipande vinavyomeguka havivumiliki.

Nimeweka raba mpya na bado inateleza.

Kwanza tafuta mafuta. Tone dogo la grisi kwenye sahani linatosha kuharibu kazi yote. Futa sahani na raba kwa kitambaa safi chenye dawa ya kusafishia breki, mahali penye hewa na mbali na moto. Kisha tafuta mafuta yametoka wapi. Mara nyingi mtu alipaka grisi nyingi kwenye shafti ya pembe sita, na mzunguko ukairusha.

Sahani ikiwa na mng'ao, ikwaruze kidogo kwa msasa laini. Ikiwa na mifereji unayoihisi kwa ukucha, ibadilishe.

Halafu angalia mgandamizo. Bana wenzo na uone kama diski inakutana na sahani kwa nguvu kabla wenzo haujafika mwisho. Ikigusa mwishoni kabisa, kebo imelegea. Na mwisho, ingiza bisibisi kubwa chini ya shafti ya pembe sita uinyanyue taratibu, upande huu na huu. Ikicheza juu na chini, beringi au bushi zake (vibomba ambamo shafti huzunguka) zimekwisha, na hapo hakuna marekebisho ya kebo yatakayokusaidia. Wengi huishia kwenye raba kwa sababu ndiyo inayoonekana, na beringi zilizo ukutani mwa mashine zinaendelea kuila raba ya pili na ya tatu.

Mkanda mzuri na mkanda mchovu nitautofautishaje?

Mkanda wa umbo la V hushika kwa mbavu zake, tumbo lake halipaswi kugusa chini ya mfereji wa puli. Kwa hiyo usiangalie mkanda peke yake, angalia na puli. Chini ya mfereji kukiwa na kutu au rangi ya zamani, mkanda unakaa juu panapotakiwa. Chini kukiwa kumesuguka na kung'aa, mkanda umepungua upana na umezama, na utateleza hata ukiukaza vipi. Mbavu zinazong'aa, nyuzi zilizochomoza na nyufa ndani ya tumbo ni dalili za kawaida.

Ukiwa hapo, zungusha kwa kidole puli ndogo inayokaza mkanda. Isikilize. Ikikwaruza au ikitikisika kwenye beringi yake, inatafuna mkanda.

Naweza kufunga mkanda wa gari wenye urefu uleule?

Usifanye hivyo. Mkanda wa mashine hizi mara nyingi umefunikwa kwa kitambaa na una nyuzi imara ndani, kwa sababu unatakiwa kushika na kuachia kila mara. Wa gari umekusudiwa kushika muda wote. Ukilegezwa, huweza kuendelea kubeba puli na kusukuma mashine wakati wewe umeshaachia wenzo.

Na kebo?

Ndiyo marekebisho rahisi kuliko yote, kwa hiyo yajaribu mapema. Wenzo ukiwa umeachiwa, kebo iwe na ulegevu mdogo tu. Ikining'inia, ikaze kwenye nati yake. Ikiwa nyuzi zake zimeanza kukatika au inakwama ndani ya ganda, ibadilishe. Maji yanayoingia ndani ya ganda huganda, na hapo wenzo unakuwa mgumu asubuhi na laini mchana. Usiikaze kupita kiasi ili kuficha raba iliyokwisha.

Inakwenda mbele lakini hairudi nyuma, au kinyume chake.

Diski haivuki kitovu cha sahani. Mara nyingi fimbo ya gia imepinda, nati yake imelegea, au shafti ya pembe sita imeshika kutu na diski haitelezi. Mtu mmoja asogeze wenzo wa gia, mwingine aangalie diski ikitembea juu ya sahani, injini ikiwa imezimwa. Hali hiyohiyo huleta mashine inayotambaa kwenye gia ya mwisho: diski haifiki ukingoni.

Gurudumu moja linavuta, jingine linafuata tu.

Chungulia pini. Habu nyingi zina matundu mawili: pini ikipita kwenye tundu moja, gurudumu hufungwa na ekseli, ikipita kwenye lingine, gurudumu huachwa huru ili mashine isukumike kwa urahisi. Huenda mwenye mashine wa kwanza aliliachia na hakulirudisha. Pini ikiwa imekatika, mstari wako wa chaki utakuwa umeshasema. Kama mashine yako ina difarensha (gia zinazoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti), angalia kifungio chake.

Sauti ina maana gani?

Mgoto mmoja unaorudi kwa mpangilio kila gurudumu linapozunguka ni jino lililovunjika kwenye gia ya ekseli, au mnyororo uliolegea ukiruka meno. Meno ya gia ya mnyororo yaliyopinda kama ndoano yabadilishwe pamoja na mnyororo, kwani kimoja kipya na kimoja kizee huharibiana. Mlio mkali unaopanda na kushuka na kasi ya injini unatoka kwenye mkanda au beringi ya puli. Kukwaruza kunakozidi ukikata kona hutokana na bushi za ekseli: shika gurudumu juu na chini ulitikise, na ukiona ekseli ikipanda na kushuka ndani ya tundu lake, tundu limekuwa yai. Gia za pale nazo zitaachana kidogo na kulana ncha.

Nikiachia wenzo, mashine inaendelea kutembea.

Acha kuitumia hadi itengenezwe. Kebo imekazwa mno, au springi inayotenganisha diski na sahani imekatika, au egemeo limeshika kutu. Parafujo inayoendelea kuzunguka baada ya wenzo wake kuachiwa ni hatari kubwa zaidi. Baadhi ya mashine za zamani sana hazina kabisa wenzo unaosimamisha kazi ukiondoa mkono. Kwa hizo, kila unapotaka kusafisha, zima injini.

Magurudumu ni mazima, lakini parafujo haizunguki.

Chungulia kwenye bomba la kurushia. Feni ikiwa pia imesimama, tatizo ni mkanda wa mbele au puli zake. Feni ikizunguka na parafujo zimesimama, zima, chomoa plagi, kisha sukuma parafujo moja moja kwa kijiti kinene. Inayozunguka bure peke yake imekata pini yake ya usalama. Pini zikiwa nzima zote, zungusha feni kwa kijiti. Parafujo zisipofuata, gia ya shaba nyeusi iliyo ndani ya giaboksi ya mbele imekwisha meno. Oili yake ukiimwaga utaona chembe za rangi ya dhahabu.

Pini hiyo imetengenezwa ivunjike kabla ya giaboksi. Usiweke bolti ngumu badala yake, hata kwa kumalizia kazi ya jioni moja.

Kuna jambo linalosahaulika hapa. Pini inalinda giaboksi ikiwa tu parafujo inaweza kuzunguka juu ya shafti yake baada ya pini kukatika. Kutu ikizigandisha pamoja, pini haina kazi tena, na jiwe la kwanza litavunja gia. Kila msimu toa pini, zungusha parafujo kwa mkono juu ya shafti, pampu grisi kwenye nipeli (vichuchu vya kuingizia grisi) kama zipo, ndipo urudishe pini. Parafujo isiyozunguka ipe mafuta ya kulegeza kutu kwa siku kadhaa na uwe na subira nayo.

Vipuri vya mashine ya miaka ya 1970 vinapatikana?

Vingi ndiyo. Beringi huwa zina namba zilizochongwa ubavuni, na namba hizo ni za kimataifa: 6203, kwa mfano, ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje cha milimita 40 na upana wa milimita 12, popote ilipotengenezwa. Mkanda upimwe upana wa juu na mzunguko wa nje, ukikumbuka kwamba uliochoka umerefuka kidogo na kupungua upana. Diski peleka yenyewe, pamoja na namba ya modeli iliyo kwenye kibati. Kibati mara nyingi kiko nyuma ya mashine, chini ya tope na grisi, kwa hiyo sugua kabla hujasema hakipo.

Wakati gani niache kuitengeneza?

Raba, mikanda, kebo, beringi, bushi, mnyororo: tengeneza bila kusita. Ninasita pale kuta za mwili zinazoshika beringi zimeliwa na kutu hadi beringi haina pa kukaa, au giaboksi ya mbele imepasuka. Ukuta uliotoboka unaweza kuwekewa bamba na kuchomelewa, lakini lazima matundu ya pande mbili yabaki kwenye mstari mmoja, vinginevyo shafti ya pembe sita itakaa kombo na raba italika kwa mshazari. Mpe fundi anayepima kwa shafti iliyonyooka kabla ya kuchomelea.